Kazi ya Kusimama

Nzi alitua kwenye ncha ya pua yangu, akafikicha mikono kama mtu aliyemaliza kula kwa jirani, kisha akaanza kupanda taratibu kuelekea jicho la kulia. Sikumfukuza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimesimama ndani ya dirisha la duka la nguo, mkono mmoja kiunoni, mwingine nimeunyoosha mbele kana kwamba nampokea mgeni ambaye sikumwalika, na kazi yangu ilikuwa kutokuwa mtu.

Nje ya kioo watu walibanana.

"Huyo ni plastiki," alisema muuza soksi mmoja. "Mtu gani anavumilia nzi?"

"Mke wangu ananivumilia mimi," mwenzake akajibu.

Wakawekeana dau la jozi ya soksi. Kioo kile kilikuwa kipya na fundi alikikata kifupi, kwa hiyo juu palibaki mwanya, na maneno yote ya barabarani yaliingia humo, ya adabu na yasiyo ya adabu, yakaniangukia kichwani. Nzi alipofika kwenye kope nikatazama mbali, nyuma ya watu, nyuma ya taa za magari, mpaka kwenye tangazo la dawa ya meno lililokuwa juu ya jengo la pili, nikabaki huko. Nzi akasubiri, akachoka, akaenda zake. Nadhani ndiye kiumbe wa kwanza kuniona nimetulia, na sina hakika kama alithamini bahati yake.

Maana nyumbani sikuwa na sifa hiyo. Katika jengo letu walianza kuniita Kiguu-na-njia, halafu wakaona jina ni refu mno kwa mtu wa kasi yangu. Wakilianza niko ngazini, wakilimaliza nimeshavuka barabara. Likakatwa, likabaki Kiguu. Nilitembea. Nikitumwa chumvi duka la chini, nilirudi nayo kutoka upande wa pili wa mji. Nilijua ni taa gani za barabarani zinazochelewa kuwa kijani, ni lifti gani ya ofisi inayomkubali mtu asiye na shughuli, ni kioo gani cha benki kinachomnenepesha mtu na kipi kinachomkondesha. Mama mdogo, aliyeishi nasi na ambaye hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kuona, alisema nina wadudu kwenye nyayo. Kisha akaongeza, kama anayetia sukari kwenye chai ambayo tayari ni tamu, "Ni baba yake mtupu huyu. Sura, miguu, kila kitu. Dada alimwazima tumbo tu."

Baba alitoka siku moja kwenda kununua betri za redio. Nilikuwa bado nanyonya kidole. Mpaka leo hizo betri hazijapatikana. Watu walipokuja kumpa Mama pole, kila aliyeniinamia kitandani alisema lile lile: angalau amekuachia sura yake. Nikakua nimeibeba sura hiyo kama mzigo wa mtu aliyesema naomba unishikie, narudi sasa hivi.

Kwa hiyo kutembea kwangu hakukuwa kuzurura. Walionitazama waliona msichana asiye na kazi. Mimi nilikuwa kazini. Nilikuwa nakagua nyuso. Mji wote huu, nilijiambia, na mmoja kati ya watu wake amevaa uso wangu kabla yangu. Nikikutana naye nitamuuliza mimi ni nani hasa, maana kila niliyemuuliza alinielekeza kwake.

Mama sikumuuliza. Mama alikuwa mpiga pasi kwa dobi, katika chumba cha chini ya ardhi chenye mvuke mzito kiasi kwamba watu wa humo walitambuana kwa kikohozi. Kazi ile ilimpa tabia moja: aliongea na watu akiwatazama kola. Jirani akifiwa, Mama alimpa pole huku anamnyooshea kola. Mwenye nyumba akija kufoka, Mama alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha anamwambia shati lake linahitaji wanga. Na mimi vivyo hivyo. Sikumbuki macho yake kupanda juu ya shingo yangu zaidi ya muda wa kupiga chafya. Wengine niliamini anawatazama kola kwa mazoea. Mimi niliamini ananikwepa. Nani anapenda kumwona kila asubuhi, mezani, anakunywa chai, mwanamume aliyekwenda kununua betri?

Tulikuwa watatu. Kulikuwa na Bubu, aliyeitwa hivyo kwa sababu hajawahi kunyamaza, na Dakika, ambaye ukimgongea mlango anajibu "dakika moja" na dakika hiyo ukaizeekea pale nje. Tulikutana juu ya paa la jengo, katikati ya matangi ya maji na kamba za kuanikia, kuamua wiki hiyo tutakuwa akina nani. Msicheke. Nanyi mlifanya, ila hamkufanya kikao. Kuna wiki tulikuwa watangazaji wa redio, na nikitaka chumvi namwambia Mama, "Habari zilizotufikia kutoka mezani zinasema chumvi imeadimika." Kuna wiki ya kutocheka, kwa sababu Bubu alisoma mahali kwamba watu wenye siri hawacheki, akaivunja mwenyewe kabla ya saa ya chai. Kuna wiki tulichechemea wote watatu, kwa sababu tulimwona dada mmoja mrembo akishuka ngazi za benki akichechemea na dunia nzima ikampisha. Jirani wa ghorofa ya chini yetu akatuhurumia, akatuletea dawa ya kuchua. Tukajipaka, tukanuka mpaka shuleni, na hakuna aliyetupisha.

Tatizo lilikuja Jumapili jioni, tulipowavua wale watu. Bubu akivua anabaki Bubu. Dakika akivua, baadaye sana, anabaki Dakika. Mimi nikivua nilimkuta yule mwanamume.

Ndipo lori likarudi nyuma. Lilikuwa linashusha mizigo kwenye njia panda kubwa katikati ya mji, dereva akatazama kioo cha upande mmoja na kusahau upande wa pili, akaingiza makalio ya lori ndani ya dirisha la duka la nguo. Sanamu zote za kuvalishia zikavunjika isipokuwa moja, iliyobaki haina mkono wala nywele. Mwenye duka akawa na nguo mpya, na baada ya siku chache kioo kipya, lakini hana wa kuzivaa. Sanamu nyingine ziliagizwa mbali. Akabandika tangazo mlangoni: anatafutwa msichana anayeweza kusimama.

Ilikuwa likizo ya shule. Bubu alilileta tangazo hilo paani akiwa anahema, na tukaenda. Bubu alipojaribiwa alitulia mwili mzima isipokuwa mdomo. Dakika alifika usaili umekwisha. Mimi nilikwenda kama shabiki tu. Nilikuwa nimesogea karibu na dirisha, natazama nje, nikaona kitu ambacho katika kutembea kwangu kote sijawahi kukiona: taa zikiwa nyekundu pale njia panda, mji mzima unasimama na kukugeuzia uso. Waendao kushoto, watokao kulia, wote wanapita hapo, na wote wanangoja. Nikaganda. Nilipozinduka mwenye duka alikuwa ananizunguka kama mtu anayenunua kabati.

"Huyu ana kipaji," akasema.

Hakikuwa kipaji, ilikuwa hesabu. Nimemtafuta kwa miguu nimechoka. Basi nikae mahali peupe, anitafute yeye. Siku moja atasimama kwenye taa, ataiona sura yake mwenyewe imevaa gauni, na atavuka barabara.

Aliyenifundisha kazi alikuwa fundi cherehani wa duka, mama mwenye pini nyingi mdomoni kuliko meno. "Usikaze magoti, utaanguka kama mlango," alisema kupitia pini. "Pumua kwa tumbo. Usimtazame mtu, mtazame aliye nyuma yake. Ukitaka kulia, lia Jumapili." Nguo zilikatwa kwa ajili ya wanawake wengine, wenye vifua na nia, kwa hiyo alizikusanya mgongoni mwangu akazibana kwa pini na vibanio vya kuanikia. Mbele nilikuwa malkia, nyuma nungunungu. Akanipaka poda ya kijivu usoni mpaka nikafanana na yule sanamu kipara aliyenusurika, ambaye nilimwita wifi, kwa sababu tulikaa nyumba moja na hakuwahi kunisalimu.

Sikutegemea kuipenda kazi ile. Miguu iliniuma, pua iliniwasha mahali ambapo mchana kutwa huruhusiwi kuwa na pua. Lakini kuna jambo hutokea ukisimama katikati ya mji unaokimbia. Wasiwasi wote niliokuwa nao kwenye nyayo uliondoka ukahamia kwa watu wa nje, nikawatazama wakiuvaa. Na nikagundua kwamba wakilikaribia dirisha la duka, wengi hawatazami ndani. Wanajitazama. Karani mmoja mwenye tai alisimama mbele yangu akafanya mazoezi ya kumwambia bosi wake kwamba anaacha kazi. Alimwambia vizuri sana, kwa ushujaa, kisha akarekebisha tai akarudi kazini. Msichana wa rika langu alikuja karibu kila alasiri, akajaribu tabasamu la kwanza, la pili, la tatu, akaondoka bila kuchukua hata moja. Kumbe mji mzima una wiki zake kama zetu, ila kila mtu anafanya kikao peke yake.

Halafu siku moja akaja.

Alikuwa na paji langu la uso. Alikuwa na masikio yangu haya, yaliyosimama kama vikombe. Alikuwa upande wa pili, taa nyekundu, akatazama dirishani, akatazama tena, na taa zilipobadilika akavuka. Moyo wangu ukapiga mpaka nikaogopa gauni litaonekana linatikisika. Alisogea karibu na kioo, karibu zaidi, mpaka pumzi yake ikatia ukungu. Nikasahau mafunzo, nikamtazama machoni. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitana kidogo, akachana masharubu upande wa kushoto, akachana upande wa kulia, akakagua meno, akaenda zake.

Hakuwa yeye, nadhani. Na kama alikuwa yeye, basi nilijibiwa siku ile.

Mjukuu wangu siku hizi huanza kujipiga picha kabla hata hajapiga mswaki. Anapiga, anatazama, anafuta, anapiga, anafuta. Juzi aliniuliza, "Bibi, hivi mimi nimefanana na nani?" Nikamwambia ngoja nivae miwani. Nilipoivaa alikuwa ameshageukia simu. Sikumlaumu. Swali lile ukiliuliza una umri huo humngoji bibi akupapasie miwani. Unataka jibu lije lenyewe, mbio, limekosa pumzi.

Mimi nilingoja. Likizo ikaenda ukingoni. Watu walizidi kujaa dirishani, mwenye duka akazidi kunenepa usoni, na siku moja akaniambia kwamba mkubwa wake, mwenye maduka yote, ambaye yeye alimshikia hili moja tu, atakuja Jumamosi kunitazama. Nikisimama asubuhi nzima bila dosari, nitaajiriwa moja kwa moja. Nitasimama mwaka mzima pale njia panda, na mwaka unaofuata, na unaofuata. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Sikuiwazia hata kidogo. Niliwaza taa nyekundu, mwaka mzima wa taa nyekundu. Hakuna mtu anayeweza kuishi katika mji ule mwaka mzima asipite pale.

Jioni ile Mama alikuwa anakula amesimama, kama kawaida yake. Kukaa kulimuumiza mgongo.

"Hiyo kazi yako ya dukani," alisema, akitazama kola yangu, "ni kazi gani hasa?"

"Kusimama."

"Kusimama tu?"

"Kusimama tu."

Akatafuna kwanza. "Mimi pia nasimama," akasema. "Ila mimi nimeshika kitu mkononi."

Nikamwambia basi, kwa pupa, kabla ujasiri haujaisha: Jumamosi wakinichukua, sirudi shule. Mama mdogo akaacha kijiko hewani. "Si nilisema," akasema. "Miguu ya baba yake. Itamchukua na yeye." Mama alinyoosha mkono, nikadhani ananipiga kofi, nikafumba macho. Nilihisi vidole vyake shingoni, vya moto, vigumu.

"Kola yako imekunjika," alisema. Akainyoosha, akaenda kuosha sahani.

Nililala nimekasirika. Hata kofi sikupewa.

Jumamosi fundi cherehani alinivalisha gauni la rangi ya chungwa lenye kola pana nyeupe, akanibana mgongoni kwa kila kibanio alichokuwa nacho. Mkubwa akaja. Alikuwa mwembamba, mwenye suti na saa, akaketi kwenye kiti ndani ya duka, ubavuni mwangu, mahali ambapo ningemwona kwa pembe ya jicho. Hakunisalimu. Nani husalimia kabati? Nje, Bubu alikuwa wa mbele kabisa, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na kando yake alikuwepo Dakika, ambaye aliwahi kwa mara ya kwanza maishani, jambo lililonitisha kuliko mkubwa.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Muuza soksi alimleta rafiki mpya wa kushindana naye. Mtoto mmoja alinitolea macho, mama yake akamvuta. Niliishi kwenye tangazo la dawa ya meno kwa amani kabisa, mpaka taa zikawa nyekundu kwa magari ya upande mmoja, kijani kwa mengine, na nikaona mwanamke mmoja anavuka kabla hajaruhusiwa. Magari yakampigia honi pande zote. Hakugeuka. Alikuwa amevaa koti la kazi la dobi, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, nywele zimelowa mvuke. Kwanza sikumtambua. Nilikuwa nimejizoesha kutafuta uso mwingine.

Watu wakampisha. Mama akaja akasimama mbele ya kioo.

Alianza na kola, kama nilivyojua ataanza. Akakunja uso; ilikuwa imepigwa pasi na mtu mwenye haraka. Kisha macho yake yakaacha kola. Yakapanda shingoni. Yakapita kidevu. Yakapita mdomo. Yakafika, na yakakaa.

Nikashikilia tangazo la dawa ya meno kwa nguvu zangu zote. Mama akasogea hatua moja kando, akaliziba.

Sasa sikieni hali yangu. Upande wa ndani kulikuwa na mkubwa na saa yake. Nikitikisika, kazi imekwenda, na dirisha limekwenda, na yule ambaye angevuka barabara atavuka akute sanamu kipara. Upande wa nje kulikuwa na Mama, ananitazama usoni, na sikujua anamtazama nani. Kama aliamini anatazama sanamu, basi nikitikisika ataacha. Kama alikuwa anamtazama yule mwanamume, sikutaka kujua. Kwa hiyo kila upande uliniambia kitu kimoja: tulia.

Nikatulia. Naye akatulia.

Taa zikabadilika. Mji ukapita, ukasimama, ukapita. Mama hakupepesa. Watu wakaanza kuelewa kwamba kuna jambo, wakakaza duara.

"Mama, na wewe umeajiriwa?" mbeba mizigo mmoja aliuliza.

"Naweka soksi kwa huyu wa nje," alisema muuza soksi.

"Wa nje atachoka. Ana umri."

"Mwangalie miguu. Huyo amesimama tangu azaliwe."

Ilikuwa kweli, na mimi ndiye niliyeijua kweli hiyo kuliko wao, na bado sikuwa nimeifikiria hata siku moja. Nilijiona bingwa kwa sababu ya likizo moja. Mama alikuwa amesimama mbele ya meza ile ya pasi kabla sijajua kusimama. Tone la jasho lilimtoka kwenye nywele, likashuka kando ya jicho, likapita shavuni, likadondoka. Hakulipangusa. Kwa pembe ya jicho nikamwona mkubwa ameinama mbele kwenye kiti, ameridhika, anampungia mwenye duka kidole kana kwamba anasema, huyu, mchukue huyu.

Nikaona nimeshinda. Nikajiambia, bado kidogo, na dirisha ni langu.

Mama akatoa ulimi.

Msidhani alilamba midomo. Aliutoa wote, mrefu, mwekundu, ukashuka mpaka karibu na kidevu, kisha ukarudi ndani, na uso wake ukabaki vilevile, uso wa mtu anayepiga pasi mashuka. Nikadhani nimeota. Waliokuwa nyuma yake waliona mgongo tu. Akautoa tena, na safari hii macho yake yote mawili yakaenda kukutana puani.

Nimeishi miaka mingi na nimecheka na watu wengi, baadhi yao hawapo. Lakini sijawahi kucheka kama nilivyocheka pale. Kicheko kilianzia mgongoni, kwenye vibanio. Kimoja kikafyatuka, kingine kikafuata, gauni likalegea, na sauti ikanitoka puani kama bomba lililokatiwa maji siku nyingi. Nikamshika wifi nisianguke. Tukaanguka wote. Nikiwa chini niliwasikia watu wa nje wakipiga makofi na muuza soksi akidai haki yake, na juu ya yote sauti ya Bubu, ambayo ilikuwa imefungiwa asubuhi nzima.

Mkubwa alisimama akatazama saa.

"Hii imeharibika," alimwambia mwenye duka, na akatoka.

Sikungoja kuambiwa. Nilipitia mlango mdogo wa nyuma ya dirisha, nikakatiza dukani, poda inanimiminika, nikatokea barabarani. Mama alikuwa pale pale. Watu walikuwa wanatawanyika. Alianza kutembea, nikamfuata.

"Umenifukuzisha kazi," nilimwambia.

"Nimeona."

"Ulijua ni mimi?"

"Nilijua tangu wiki ya kwanza. Huwa napeleka nguo za wateja mtaa wa nyuma." Akaruka dimbwi. "Nilikuwa napitia upande ule wa pili ili usinione."

Nilitaka kuwa na hasira, nikaitafuta, sikuipata. Badala yake nilisema lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata Bubu, kwa sababu kumwambia Bubu ni kuliambia jengo zima. "Nilikuwa namngoja Baba."

Hakusimama. "Najua," alisema. "Ile kona ni yangu. Mimi nilimngoja pale nimekubeba mgongoni, mpaka siku moja nikaona kama ni kusimama, bora nisimame mahali penye pasi."

Tulipita benki, tukapita kile kioo kinachonenepesha. Watu walinigeukia, msichana wa kijivu mwenye gauni la chungwa, mgongo wazi.

"Wanasema mimi ni yeye mtupu."

"Wanaosema hawakuniona nikiwa na umri wako. Hata mama yako mdogo alikuwa bado anatambaa."

"Ulikuwaje?"

Mama alifikiri. Aligeuka akanitazama, si kola, kana kwamba anakisia kama nimekua kiasi cha kuambiwa.

"Nilifukuzwa kwaya," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa ulimi. Mwalimu alikuwa anatuongoza ametugeukia, wazazi wamekaa nyuma yake, na mimi nilikuwa mstari wa mbele."

Nilitembea nikijipapasa ndani, kama mtu anayepapasa mifuko ya koti la zamani, na kila nilichokigusa nilikiuliza kilitoka wapi. Mama alikuwa na mwendo wa kasi sana nje ya chumba kile cha pasi. Nilikuwa sijawahi kutembea naye mbali zaidi ya ngazi, na nilijikuta nakimbia kidogo ili niwe sambamba naye.

Kwenye kona ya soko la vitabu vikuukuu akasimama ghafla, akashika kitambaa cha gauni kati ya vidole viwili.

"Hii si yetu."

"Si yetu," nikakiri.

Alitazama nyuma tulikotoka, dukani. Kisha akatazama mbele, barabara ile ndefu inayoteremka hadi upande wa pili wa mji, ambayo nilidhani ninaijua mimi peke yangu.

"Tutairudisha," Mama alisema. "Lakini si lazima tupite njia fupi."